Programu za kuongeza kasi ya kompyuta: Je, zinasaidia kweli?

KATIKA maduka ya uchapaji na huduma za intaneti mjini Tabora, kama ilivyo katika miji mingine iliyo kando ya reli ya kati hadi Kigoma, kompyuta za mtumba ni jambo la kawaida. Mashine hizo hutumika kwanza katika ofisi na shule za Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, kisha husafirishwa takriban kilomita 840 kwa reli, au kwa lori na basi, hadi Unyanyembe. Zinapofika huwa tayari zimechoka. Mwenye duka anapolalamika kuwa mashine yake imekuwa nzito, mara nyingi tiba anayopewa ni ile iliyozoeleka: programu ya kusafisha na kuongeza kasi, inayotolewa kwenye flashi na kuwekwa kwa dakika chache.

Swali la iwapo tiba hiyo inafaa si dogo kwa mji wa aina hii. Tabora ni mji wa shule na vyuo. Chuo cha Uhazili, ambacho sasa ni kampasi ya Tabora ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kilitoa wahazili wa ofisi za serikali tangu enzi za mashine za kupiga chapa, ambazo hazikuhitaji zaidi ya mafuta kidogo na brashi ya kufutia vumbi. Leo mwanafunzi huomba mkopo wa elimu ya juu kwa mtandao, na mtafuta kazi hutuma maombi ya ajira serikalini kwa njia hiyo hiyo. Maombi hayo huwa na siku ya mwisho. Kompyuta inayotumia dakika kumi kuwaka na kuganda katikati ya fomu humgharimu mteja nafasi, na humgharimu mwenye duka mteja.

Jibu lililothibitishwa kwa miaka mingi ni kwamba programu hizi hutimiza sehemu ndogo tu ya ahadi zake. Sehemu hiyo ndogo, kwa kiasi kikubwa, Windows yenyewe inaweza kuifanya bila malipo. Sehemu iliyobaki ama haina athari yoyote, ama hupunguza kasi, ama huharibu.

Mtu wa mwisho wa msafara

Ili kuelewa sababu, ni vyema kwanza kufahamu uzito wa kompyuta unatoka wapi. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa hadi Kazeh, yaani Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji, ilitembewa kwa miguu na wapagazi waliobeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja. Burton na Speke walifika Kazeh kwa njia hiyo Novemba 1857. Msafara wa namna hiyo hauwezi kufika kambini kabla ya mtu wake wa mwisho, hata kama walio mbele wana miguu myepesi kiasi gani.

Kompyuta nayo ina watu wa mbele na wa nyuma. Prosesa hufanya hatua mabilioni kwa sekunde moja. Kumbukumbu ya RAM, ambamo programu zilizo wazi huishi kwa muda, huijibu prosesa kwa chini ya sehemu ya milioni ya sekunde. Diski kuu ya aina ya zamani ndiyo inayobaki nyuma sana. Hiyo ni sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, na mkono wake wa kusomea huhitaji takriban milisekunde 10 kufikia kila kipande cha data kilicho mahali tofauti. Kwa hesabu hiyo, diski hufikia vipande mia moja hivi tu kwa sekunde. Windows inapowaka huhitaji maelfu ya vipande vya namna hiyo.

Tatizo huwa kubwa zaidi RAM inapokuwa ndogo. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 2 ikifunguliwa kivinjari cha siku hizi chenye kurasa kadhaa, pamoja na programu ya kuandikia, nafasi huisha. Windows hulazimika kuhamishia baadhi ya data kwenye diski, kisha kuirudisha inapohitajika. Taa ya diski huwaka mfululizo, kipanya hukataa kutii, na mteja huanza kuangalia saa. Hakuna programu inayoweza kuigeuza gigabaiti 2 kuwa 4, ingawa wapo waliowahi kuahidi hivyo.

Mwaka 1995, wakati RAM ilikuwa ghali mno, kampuni ya Marekani iitwayo Syncronys ilitoa programu ya SoftRAM95 ikidai kwamba ingeongeza maradufu kumbukumbu ya kompyuta kwa kubana data. Zaidi ya nakala 600,000 ziliuzwa. Wataalamu, akiwemo Mark Russinovich ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi wa kiufundi katika kampuni ya Microsoft, waliifungua programu hiyo na kubaini kuwa haikuwa ikibana data hata kidogo. Dirisha lake lilionyesha tarakimu za kupendeza, basi. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliibana kampuni hiyo iache madai yake.

Warithi wa SoftRAM ni programu za kusafisha RAM, ambazo zingali zinapatikana. Hizi zina ujanja wa namna nyingine. Huilazimisha Windows itoe data ya programu zilizo wazi kutoka kwenye RAM, na mara hiyo kipimo huonyesha kwamba nafasi tupu imeongezeka kutoka, tuseme, asilimia 20 hadi 60. Mwenye kompyuta hufurahi. Lakini data ile haikupotea. Sekunde chache baadaye mtu akirudi kwenye barua aliyokuwa akiichapa, Windows hulazimika kuirejesha, na sehemu yake hutoka kwenye diski, yaani kwa yule mtu wa mwisho wa msafara. Kompyuta iliyosafishwa RAM huwa nzito zaidi katika dakika ambayo kipimo kinaisifu.

Aidha, RAM tupu si sifa. Tangu Windows Vista iliyotolewa mwaka 2007, mfumo huo hutumia nafasi isiyo na kazi kuhifadhi mapema programu ambazo mtumiaji huzifungua mara kwa mara, ili zifunguke haraka. Anayeifuta nafasi hiyo huwa ameharibu kazi iliyokwisha kufanywa kwa faida yake.

Mamia ya makosa ya rejista

Eneo la pili ambalo programu hizi hulitumia kutisha watu ni rejista ya Windows. Rejista ni hazina ya mipangilio: kila programu inapowekwa huandika humo mahali ilipo, aina za faili inazofungua na mambo mengine. Programu ikiondolewa, mara nyingi baadhi ya maandishi yake husalia. Programu ya kusafisha huyahesabu masalia hayo na kutangaza kwa rangi nyekundu kwamba kompyuta ina mamia ya makosa.

Hayo si makosa kwa maana inayoeleweka na mtumiaji. Windows haiisomi rejista yote kutoka mwanzo hadi mwisho kila inapotafuta kitu. Huenda moja kwa moja kwenye jina linalohitajika, kama karani anavyokwenda kwenye jalada lenye namba fulani bila kufungua majalada mengine ya kabati. Masalia elfu moja huchukua nafasi isiyofika hata megabaiti moja. Kuyafuta hakuleti tofauti ambayo mtu anaweza kuihisi.

Hasara, kwa upande mwingine, inaweza kuhisiwa vizuri sana. Programu ya kusafisha hukisia kipi ni masalia na kipi bado kinatumika. Ikikosea, printa huacha kuonekana, au programu ya uhasibu hukataa kufunguka, au Windows yenyewe hushindwa kuwaka. Microsoft imeeleza bayana kwamba haiungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejista, na kwamba madhara yake yanaweza kumlazimu mtumiaji kuweka mfumo upya. Kwa lugha ya mafundi, ni kupiga Windows upya. Pale ambapo barua za wateja au hesabu za chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku zimehifadhiwa katika diski hiyo moja tu bila nakala, na aliyeitwa kuitengeneza akaanza kwa kuifuta yote, hasara ni kubwa kuliko uzito ulioifanya kompyuta ipelekwe kwake.

Baadhi ya wauzaji wamekwenda mbali zaidi ya kutia chumvi. Machi 2019, kampuni za Marekani za Office Depot na Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 baada ya kutuhumiwa kuwahadaa wateja kwa programu ya kupima afya ya kompyuta. Mteja aliulizwa maswali manne mwanzoni, mojawapo likiwa iwapo kompyuta yake imekuwa nzito. Akijibu ndiyo kwa swali lolote, programu ilitangaza kuwa imeona dalili za virusi, bila kujali kile ilichokikuta. Mwaka 2024 kampuni mbili za Cyprus, Restoro na Reimage, nazo zilikubali kulipa dola milioni 26 kwa tuhuma za kuuza huduma za kutengeneza kompyuta kwa kutumia maonyo ya uongo. Microsoft ilikwisha kuchukua hatua yake Machi 2018, ilipoanza kuziondoa kompyutani programu zinazotumia vitisho kumshawishi mtu alipie toleo kamili.

Hata programu yenye jina zuri si salama daima. CCleaner, iliyoanza mwaka 2003 na kupendwa na mafundi dunia nzima, iliingiliwa na wahalifu wa mtandao mwaka 2017. Kwa takriban mwezi mmoja, kuanzia Agosti 15 hadi Septemba 12, toleo lililosambazwa kutoka kwenye mitambo ya kampuni yenyewe lilikuwa na programu hasidi ndani yake, na kompyuta zipatazo milioni 2.27 zililipokea. Hilo lilitokea kwa nakala halali. Nakala iliyovunjwa kufuli, inayopita kutoka flashi hadi flashi bila mtu kujua nani aliifungua na aliongeza nini, haina hata kampuni ya kuomba radhi.

Satelaiti haisikii

Kundi jingine la programu huahidi kuongeza kasi ya intaneti. Katika miaka ya 2000 ulienea uvumi kwamba Windows XP huzuia asilimia 20 ya kasi ya mtandao kwa matumizi yake, na kwamba badiliko moja la mpangilio lingeirudisha. Microsoft ilikanusha: asilimia hiyo hutengwa tu pale programu inapoomba kipaumbele, na isipotumika huwa wazi kwa wote.

Sababu ya kweli ya mtandao mzito wa mikoani enzi hizo ilikuwa angani. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, mawasiliano ya intaneti ya nchi yalitegemea satelaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi likipanda na kushuka, na jibu likifuata njia hiyo hiyo, hutumia karibu nusu sekunde hata kama hakuna foleni, kwa kuwa mawimbi ya redio hayawezi kupita kasi ya mwanga. Hakuna mpangilio wa Windows unaoweza kuisogeza satelaiti.

Programu za kusasisha draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi ya sauti au printa, hazistahili maneno mengi. Draiva mpya huongeza kasi mara chache sana, na draiva isiyo yake huzima kifaa. Kupanga upya faili zilizosambaa kwenye diski kulikuwa na maana zamani, lakini tangu Vista kazi hiyo hufanywa na Windows yenyewe kwa ratiba, kwa kawaida mara moja kwa wiki.

Kinacholeta tofauti

Kama programu hizi hazisaidii, kwa nini mafundi na wateja wengi huapa kwamba zinasaidia? Jibu liko katika namna kazi inavyofanyika. Mara nyingi fundi haweki programu hiyo peke yake. Huondoa virusi, hufuta programu zisizotumika, hufungua boksi na kupuliza vumbi, kisha huizima na kuiwasha kompyuta ambayo pengine haikuzimwa kwa wiki nzima. Mashine hurudi ikiwa nyepesi kweli. Sifa hupewa ile alama mpya iliyobaki kwenye kioo, ilhali waliofanya kazi ni brashi, blowa na kitufe cha kuzimia.

Vumbi halipaswi kudharauliwa katika mkoa huu. Tabora haipati mvua ya maana kuanzia Juni hadi Septemba, na kuelekea Oktoba joto la mchana hupita nyuzi 30. Vumbi jekundu huziba feni na mapezi ya kupozea prosesa. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kompyuta ya aina hii huwa nyepesi asubuhi na nzito alasiri, na hakuna programu itakayoitibu kwa sababu haina ugonjwa wa programu. Dawa ni kuzima, kuchomoa waya wa umeme, kupuliza vumbi huku feni ikishikiliwa isizunguke, na kubadilisha dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa.

Umeme nao una sehemu yake. Kigoma, mwisho wa reli, iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, na kukatika kwa umeme kunafahamika katika njia yote. Diski inayozimika ghafla wakati wa kuandika inaweza kuharibika baadhi ya maeneo yake, nayo huanza kurudia kusoma sehemu moja mara kwa mara kabla ya kukata tamaa. Mtumiaji huona uzito tu. Kwa diski kama hiyo, programu ya kusafisha, ambayo hupekua diski nzima, inaweza kuharakisha kifo chake. La kwanza ni kunakili kazi zote mahali pengine.

Virusi vya flashi vilikuwa janga la maduka ya uchapaji hasa katika miaka ya 2000, kwa kuwa Windows XP ilikubali kuendesha programu iliyo kwenye flashi mara inapochomekwa. Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuzima tabia hiyo Februari 2011. Windows 10 na 11 huja na kinga ya virusi ya Microsoft ndani yake. Kuongeza nyingine mbili juu yake, kama inavyoonekana katika baadhi ya mashine, huifanya kila faili isubiri ukaguzi zaidi ya mara moja.

Katika mipangilio, jambo moja lina manufaa ya wazi: kupunguza programu zinazojiwasha pamoja na Windows. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, orodha yake iko katika Task Manager, inayofunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na kila programu huonyeshwa uzito wake wakati wa kuwaka. Zile zisizohitajika kila asubuhi huzimwa hapo. Kufuta faili za muda kunasaidia pale tu diski inapokaribia kujaa, na Windows ina zana yake ya kufanya hivyo. Kwa mashine yenye kadi dhaifu ya picha, kuzima madoido ya madirisha huleta unafuu kidogo.

Baada ya hapo, fedha iliyokuwa inunulie programu ni heri inunue kifaa. RAM ikiongezwa kutoka gigabaiti 2 hadi 4 au 8, kule kuhamahama kwa data kwenye diski hupungua sana, ili mradi Windows iliyomo ni ya biti 64, kwani ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 na kwa kawaida huishia chini kidogo ya hapo. Diski ya SSD, isiyo na sahani wala mkono, hufikia vipande maelfu kwa maelfu kwa sekunde badala ya mia moja. Katika kompyuta yenye miaka kumi, badiliko hilo moja huweza kupunguza muda wa kuwaka kutoka dakika kadhaa hadi chini ya dakika moja. Mnunuzi ahakikishe tu kwamba kifaa kinaingiana na mashine yake: RAM ya DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4.

Anayetaka kupima mwenyewe hahitaji kuamini tarakimu za programu yoyote. Saa ya simu inatosha. Apime muda kuanzia kubonyeza kitufe cha kuwashia hadi waraka ule ule unapofunguka, arudie mara tatu, aweke programu, kisha apime tena mara tatu. Azime na kuwasha kompyuta kabla ya kila kipimo, kwa kuwa bila kufanya hivyo hataweza kutenganisha faida ya programu na faida ya kuwasha upya.

Kuna uzito ambao hata SSD hauondoi. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi na Windows 11, ambayo inadai prosesa za kizazi kipya na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Hakuna programu ya kuongeza kasi inayoziba pengo hilo. Mashine za namna hiyo zinaweza kuwekewa mfumo mwepesi wa Linux, kama Lubuntu au Linux Mint ya Xfce, ambao hupatikana bure na huendelea kupata marekebisho. LibreOffice hufungua nyaraka za Word, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kuhama kidogo, jambo ambalo mpiga chapa atalazimika kulikagua kabla ya kumchapia mteja.